Fundi Asiye na Mteja

Mashine ilikwama tena, na safari hii Sikudhani Mkude aliitukana mpaka akajisikia vibaya, kwa kuwa mashine yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la sketi. Aliizima, akapanda ngazi ndogo ya pembeni, akapenyeza mkono kati ya vidole vya chuma na kuichomoa. Ilikuwa sketi ya shule, ya bluu, ya marinda. Mshono wa kiunoni ulikuwa umepigwa mara mbili, ukakunjwa, ukapigwa tena juu yake, na ncha za uzi zilikuwa zimerudiwa hadi zikawa ngumu kama punje ya mchele.

"Nani kamtuma?" alisema peke yake. "Jamani, nani kamtuma huyu mama ashone hivi? Kwani inakwenda wapi?"

Hakuna aliyejua jibu la swali hilo vizuri kuliko yeye. Sketi haikuwa inakwenda popote. Ilikuwa imeshafika.

Kila Ijumaa lori jeupe lisilo na dereva lilijisogeza mbele ya Kituo cha Mikono, pale Morogoro. Mafundi walipakia nguo walizoshona wiki nzima, kisha wakasimama uani kulipigia vigelegele likitoka getini. Lori liliteremka hadi barabara kuu, likapita sokoni, likakata kona mbili, na kabla mafundi hawajamaliza chai yao likawa limeingia kwa geti la nyuma, kwenye jengo lisilo na madirisha ambalo waliambiwa ni stoo ya mitambo ya umeme. Humo ndimo Sikudhani alimofanya kazi. Cheo chake kilikuwa Injinia wa Urejeshaji. Kazi yake ilikuwa kufumua.

Kitambaa walichopewa mafundi kiliitwa rudirudi. Ukikikata kwa mkasi kinakatika kama kitambaa chochote, lakini vipande vyake vikipigwa mvuke vinatafutana vyenyewe, vinashikana, na muda si muda una jora zima lisilo na alama. Uzi wa kushonea ndio haukuwa na akili hiyo. Uzi ilibidi utolewe, na kuutoa kulihitaji mashine yenye mamia ya vidole vyembamba, pamoja na mtu wa kuisimamia mwenye subira ambayo Sikudhani alikuwa ameishiwa nayo zamani. Jumatatu asubuhi majora yaleyale yalirudishwa kwa mafundi yakiwa yamefungwa kwenye karatasi mpya, na wao wakayashangilia kwamba mzigo umeingia.

Nguo za kweli, zile ambazo watu walivaa, zilichapwa madukani. Mtu alisimama mbele ya kioo, kioo kikampima, na kabla hajafunga mkoba wake akapewa gauni lililomkaa sawasawa. Haikuwepo tena mjini nguo inayobana. Wala haikuwepo kazi ya fundi cherehani, ya dereva, ya mhasibu, wala ya mpishi wa hoteli, na wakubwa walipoona watu wazima wanalala mpaka saa sita mchana, na wengine hawataki kuamka kabisa, wakapitisha Sheria ya Shughuli: kila mtu apewe kitu cha kufanya kwa mikono yake. Kwamba kitu hicho kiwe na faida kwa yeyote, sheria haikusema.

Sikudhani aliitazama tena ile sketi, akaona aibu ya ghafla, kisha hasira ikarudi mahali pake. Alichukua kisu kidogo akaanza kuufumua mshono kwa mkono, uzi baada ya uzi, huku akisonya.

*

Aliyeishona alikuwa Asteria Kobelo, fundi wa meza ya dirishani, mama mnene wa makamo aliyevaa futi ya kupimia shingoni kutwa nzima kama wengine wanavyovaa mkufu. Sikudhani alikuwa hajawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu za getini. Lakini alimjua, kama alivyowajua wote, kwa mishono yao. Alijua nani ana haraka, nani mkono wake unatetemeka, nani anagombana nyumbani na kuja kumalizia hasira kwenye pindo. Na siku za karibuni alijua kwamba karibu wote wamekufa moyo. Nyuzi zilikuwa zimelegea. Marinda yalipinda. Mashine ilizifumua nguo zao kwa upesi wa kusikitisha, kwa sababu hazikuwa zimeshonwa hasa, zilikuwa zimeegeshwa tu.

Jumatatu iliyofuata mkuu wa kituo, Bwana Fidelis Lwambano, alimwita ukumbini aje kutazama spika iliyokuwa ikikoroma. Ndivyo alivyojikuta amesimama nyuma ya mafundi, bisibisi mkononi, wakati sauti ya Mwalimu Mkuu wa Namichuru, shule ya mbali kusini ambayo mafundi waliambiwa ndiyo wanaishonea kwa kuwa vioo havijafika huko, ilipoanza kusikika kama ilivyosikika kila Jumatatu.

Hapakuwa na shule ya Namichuru. Hapakuwa na Namichuru. Sauti ilitengenezwa na kompyuta ya ofisini, sauti nzuri ya mzee wa kusini, yenye kikohozi kidogo hapa na pale.

"Mafundi wetu wapendwa," ilisema, "tunawashukuru kwa nguo nzuri. Watoto wamependeza. Wazazi wamefurahi. Mungu awabariki sana."

Mafundi walipiga makofi ya kuonyesha tu kwamba wapo. Asteria hakupiga. Alisimama.

"Bwana Lwambano, samahani."

"Sema, Mama Kobelo."

"Mimi nimeshona mjini hapa ujana wangu wote, kabla ya hivyo vioo vyenu. Sijawahi kupata mteja wa namna hii. Hayupo! Mteja anakuja kakunja uso. Mara hapa pamebana, mara pale pananing'inia, mara hiki sicho kitambaa nilichokuletea, umenibadilishia. Huyu kila wiki anashukuru. Hao watoto wake hawanenepi? Hawakui?"

Watu wakaanza kucheka. Lwambano naye akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta mlango.

"Si mnafanya kazi nzuri, mama! Alalamike nini?"

"Mwezi uliopita nilishona sketi bila zipu," alisema Asteria. "Makusudi. Niliacha tundu lile. Mtoto akiivaa inamwanguka mbele ya wenzake. Mwalimu Mkuu akashukuru. Ananishukuru kwa lipi?"

Kicheko kilizimika. Sikudhani aliikumbuka sketi ile vizuri sana. Kidole cha zipu kilikuwa kimeitafuta zipu isiyokuwepo hadi kikapinda, na yeye akapoteza asubuhi nzima kukinyoosha, akimlaani fundi huyo na ukoo wake.

"Basi nimechoka," Asteria alimalizia. "Nimeshona vibaya, asante. Nimeshona vizuri kwa nguvu zangu zote, asante ileile. Fundi asiyegombana na mteja si fundi. Ni mtu anayecheza na cherehani." Akaketi, akavua futi shingoni na kuiweka mezani.

Mmoja baada ya mwingine, mafundi waliondoa miguu kwenye pedali.

*

"Lalamika," alisema Lwambano.

Walikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa. Mbele ya Sikudhani palikuwa na kipaza sauti kidogo.

"Bosi, mimi ni injinia."

"Ni wewe peke yako unayezijua nguo zao. Kompyuta inajua kushukuru, ndivyo ilivyofundishwa. Ukiiambia ilalamike inaanza na 'tunaomba radhi kwa usumbufu.' Wewe sema hapo, sauti itatoka ya Mwalimu Mkuu."

"Sisemi uongo."

"Nani kasema useme uongo? Nguo zao mbaya, siyo mbaya?"

"Mbaya mno!"

"Basi waambie hivyo."

Alianza kwa kusitasita, akisema kwamba kuna mapungufu fulani. Kisha akamkumbuka fundi wa mifuko, yule wa meza ya kona, na miaka yote ya kufumua ikampanda kichwani.

"Na wewe unayeshona mifuko," alisema, "hivi unawashonea watoto au unawakomoa? Mfuko mmoja uko kiunoni, wa pili uko gotini! Mtoto akitafuta kalamu yake mpaka ainame kama anayefunga kamba za viatu! Na anayepiga ovaloku kwenye kingo, nyuzi zinaachia kabla nguo haijavaliwa. Mnaona watoto wa Namichuru si watu? Fundi wa sketi za marinda, wewe unajua kazi, sikatai, lakini pindo la kulia umelishusha. Limeshuka! Unamwinamisha nani? Rudia!"

Aliendelea hadi koo likakauka. Alipoinua macho, Lwambano alikuwa amefumba mdomo kwa kiganja, na kupitia ukuta walisikia ukumbi umelipuka. Watu walikuwa wanapiga kelele. Fundi wa mifuko alikuwa anaapa kwa jina la marehemu baba yake. Mtu alidai ni wivu wa watu wa kusini. Asteria Kobelo alisikika juu ya wote: "Pindo langu? Pindo langu mimi? Leteni futi!"

Dakika chache baadaye, kwa hasira, vyerehani vyote vilianza kulia.

*

Kituo kilipona. Hakuna namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Mafundi walianza kufika mapema ili waanze kumteta Mwalimu Mkuu kabla ya kazi. Walikaguliana nguo wenyewe kwa wenyewe, wakisema, "Huyu mzee hapa hatapata pa kushika." Fundi wa mifuko alitengeneza kibao cha kupimia, na mifuko yake ikawa sawa kabisa, na Jumatatu Mwalimu Mkuu aliposema kwa shingo upande kwamba mifuko sasa inavumilika, mwanamume yule alilia mbele za watu.

Kilichomuudhi Sikudhani ni kwamba yeye pia alikuwa amepona. Aliamka na hamu. Aliigeuza kila nguo ndani nje kabla ya kuilisha mashine, akaishika mishono, akaishangaa, akatafuta kosa, na alipolikosa akafurahi na kuchukia kwa pamoja. Halafu aliiweka chini ya vidole vya chuma. Vidole vilihangaika. Mishono ilikuwa imara mno, mashine ilikwama kutwa, na yeye alibaki na kisu chake kidogo akifumua kwa mkono kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuona maishani.

"Tuwaambie," alimwambia Lwambano siku moja.

"Tuwaambie nini?"

"Ukweli. Wanashona vile halafu mimi nachana. Ni wizi huu."

Lwambano, ambaye hakuwa mtu mbaya, alifunga faili lililokuwa mbele yake.

"Kaka yangu alikuwa fundi seremala," alisema. "Walipomwambia hahitajiki, alilala. Hakuumwa. Alilala tu na kugeukia ukutani, mpaka tukamzika. Nikiwaambia hawa leo, kesho nani ataamka? Utakwenda wewe kuwaamsha nyumba kwa nyumba?"

Sikudhani alirudi kwenye mashine yake. Siku hiyo aliichukia kuliko siku zote.

Na huenda angeendelea hivyo, akilalamika Jumatatu na kufumua Ijumaa, kama si Asteria. Asubuhi moja Lwambano alimjia mbio hadi jengo la nyuma.

"Anasafiri! Mama Kobelo yupo getini na begi. Anasema anakwenda Namichuru kuwapima watoto mmojammoja, ili Mwalimu Mkuu akose la kusema. Mafundi wenzake wamemchangia chakula cha njiani!"

"Anakwenda Namichuru ipi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe! Njoo ofisini upesi, useme kitu. Sema Mwalimu Mkuu amefariki."

"Bosi, akili zako ziko wapi? Akifariki watachanga rambirambi. Watakodi basi zima wakazike!"

Lwambano alishika kichwa. Alijua ni kweli. Wasingekosa hata mmoja, na wangemlilia kuliko ndugu zake.

"Basi ahame. Aumwe. Shule ifungwe kwa mafuriko."

"Watakwenda kumtazama mgonjwa. Watapeleka mablanketi ya mafuriko. Huwajui watu wako?" Sikudhani alivua glavu zake. Alizitupa chini. "Mimi siwezi tena. Wewe nenda kakae ofisini, ukiulizwa useme hukuniona."

*

Asteria alikuwa ameketi juu ya begi lake, futi shingoni, chaki sikioni, amevaa viatu vya safari. Alimwona injinia anakuja akatabasamu.

"Mwanangu, vipi, umekuja kuniaga?"

"Nifuate kidogo, mama."

"Nitachelewa gari."

"Hutachelewa."

Alimpitisha nyuma ya vyoo, kupitia uani kwenye majani marefu, akafungua mlango wa jengo lisilo na madirisha. Asteria aliingia akilalamikia giza. Kisha macho yake yakazoea. Aliziona sketi za bluu zimepangwa kwenye mkanda, marinda yake, mishono yake. Aliona vidole vya chuma vikiingia chini ya uzi na kuung'oa taratibu. Aliona upande wa pili vipande vikipita kwenye mvuke, vikitafutana, vikifungana, na jora la bluu likijiviringisha, safi kabisa, tayari kwa Jumatatu.

Alikwenda akalishika jora, akalinusa. Sikudhani alisimama akingojea kofi, na aliona analistahili.

"Mwalimu Mkuu?" Asteria aliuliza bila kugeuka.

"Hayupo. Ni mimi."

"Wewe."

"Mimi, mama."

"Ile ya mifuko kuwa gotini?"

"Mimi."

"Ile ya pindo langu?"

"Mimi. Nisamehe."

Asteria aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa, lakini macho yalikuwa makali yaleyale. "Nakuuliza kitu, na usinidanganye tena hata kidogo. Lile pindo. Lilikuwa limeshuka kweli, au ulitia chumvi?"

"Lilishuka," alisema Sikudhani. "Upande wa kulia. Kama upana wa kidole."

Mama yule aliegemea mashine. "Nililipima usiku ule nyumbani kwa kumbukumbu," alisema polepole. "Nikaona ni kweli. Nikamtukana yule mzee kwa sababu ilikuwa kweli." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo upo mtu aliyezitazama nguo zangu."

"Zote. Kila mshono."

"Halafu ukazichana."

"Nikazichana."

"Mshenzi wewe," alisema Asteria kwa uchungu wote aliokuwa nao, na Sikudhani akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hakuona pa kubishia. Walisimama hivyo, mashine ikiendelea kutafuna marinda, mpaka Asteria akanyoosha mkono na kubonyeza kitufe chekundu. Vidole vya chuma vikasimama.

Kisha akavua futi shingoni.

"Simama wima," alisema. "Mikono pembeni. Unavaa nini hiki? Cha kioo?"

"Cha kioo."

"Kinakukaa?"

"Kinanikaa."

"Ndiyo maana huna uso wa mtu aliyeshonewa. Geuka."

*

Ukumbini kulikuwa na siku mbaya sana. Asteria aliwaambia mwenyewe, amesimama juu ya kiti, na hakupunguza neno. Walipiga kelele, walivunja dirisha la ofisi, na wawili walikwenda nyumbani bila kuaga na hawakurudi. Kwa hao Sikudhani hakupata usingizi, na Lwambano hakumsemesha kwa muda mrefu, na alikuwa na haki. Ijumaa hiyo hakuna aliyepakia kitu. Lori, kwa kuwa halikuwa na dereva wa kumwambia, liliondoka tupu, likapita sokoni tupu, likakata kona zake na kuingia kwa geti la nyuma, ambako halikukuta mtu wa kulipokea.

Waliobaki waliketi wakitazamana. Halafu fundi wa mifuko, yule aliyelia, alimtazama jirani yake kwa makini akamuuliza kama suruali ile anaipenda kweli, au kaizoea tu. Jirani alifikiri kidogo, akasema kwa kweli angependa mifuko mirefu zaidi. Watu wakaanza kuleta vitenge vya masandukuni, mashuka, mapazia ya marehemu mama zao, vitambaa vya kawaida ambavyo vikikatwa vimekatika.

Blauzi ya Sikudhani ilichelewa. Aliambiwa Jumanne, akaja Jumanne, akaambiwa uzi wa rangi ile umekwisha. Aliambiwa Alhamisi, akaja, akamkuta Asteria anashona ya mtu mwingine na hata hana haya. Alipopewa hatimaye, aliivaa nyuma ya pazia la ukumbini, kitenge chekundu chenye maua, mishono imelala kama imechorwa. Alijipapasa mikono, mabega, pindo. Alitoka. Mafundi wote waliacha kazi wakamtazama, na akajikuta ananyoosha mgongo, jambo ambalo kioo hakikuwahi kumfanya alifanye hata mara moja.

Asteria alikuwa amekunja mikono. "Haya. Sema."

Sikudhani aliinua mkono wa kulia juu, akaushusha. Akauinua tena. Angeweza kusema asante. Aliifikiria.

"Kwapani panabana," alisema.

"Panabana wapi?"

"Hapa! Nikinyoosha mkono napasuka! Mimi nafanya kazi na mashine, mama, mimi si sanamu. Ulinipima kweli au ulikuwa unapiga soga?"

"Nilikupima, wewe ndiye umenenepa!"

"Nimenenepa kwa kusubiri!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Asteria Kobelo alimzunguka, akaishika blauzi kwapani, akaivuta, akasonya sana, na uso wake wote ulikuwa unang'aa. Aliweka alama ya chaki. Akamsukuma nyuma ya pazia, akamvua blauzi kwa pupa kama mtu anayenyang'anya, akaitupa mezani karibu na cherehani, juu ya rundo kubwa la vitenge vya watu.

"Njoo kesho," alisema.

Sikudhani alijua kabisa kwamba kesho haitakuwa tayari.